Bahari Ikikimbia Pwani

Nimelelewa pwani, na tangu utotoni hufuatana na bibi yangu miambani kutafuta pweza maji yakipwa. Kwa hiyo somo la Jiografia la muhula huu, juu ya tsunami, lilinigusa sana, nami napenda kuwaeleza wasomaji yale niliyojifunza.

Tsunami ni neno la Kijapani, maana yake wimbi la bandarini. Hailetwi na upepo wala mwezi. Ganda la dunia limegawanyika katika mabamba makubwa yasogeayo sentimita chache kila mwaka. Mahali bamba moja linapojipenyeza chini ya jingine, kingo hunasana, na lile la juu hupindika kama upinde uliovutwa. Siku likifyatuka, ardhi hutetemeka, sakafu ya bahari huinuka ghafula, na maji yote yaliyo juu yake husukumwa.

Mabamba ya namna hiyo yameizunguka Bahari ya Pasifiki, ndiyo sababu tsunami nyingi hutokea huko: Japani, Alaska, Chile. Lakini Bahari ya Hindi nayo haikusalimika. Tarehe 26 Desemba 2004, karibu na Sumatra, sakafu ilipasuka kwa urefu wa kilomita zaidi ya 1,000, na watu zaidi ya 200,000 wakafa katika nchi nyingi. Tetemeko lilitokea alfajiri kwa saa zetu. Huku hatukulihisi, lakini mchana ule ule mawimbi yalifika Somalia, Kenya na Tanzania, yakaua watu.

Penye kina kirefu wimbi la tsunami huenda kwa mwendo wa ndege, nalo ni fupi hata mabaharia hawalitambui. Lifikapo maji haba hupunguza mwendo na kuinuka. Mara nyingi bahari hukimbia kwanza, samaki wakabaki wazi mchangani. Hapo ndipo watu wengi hupotea, kwa kuwa huteremka kuokota. Tena wimbi la kwanza silo la mwisho. Jingine laweza kufuata baada ya saa nzima.

Siku hizi Bahari ya Hindi ina mitambo ya kutoa tahadhari, ambayo mwaka 2004 haikuwapo. Hata hivyo, macho yetu yasilale.

Nilipomsimulia bibi, alisema, "Mjukuu wangu, mimi maji nayajua kwa mwezi."

Nikamjibu, "Ndiyo, bibi. Basi yakiondoka ghafula, na wakati wake haujafika, mwache pweza, tukimbilie mlimani."