Pikipiki Ikikosa Moto Mlimani

Ndugu mkulima, wewe uteremshaye ndizi na mananasi kutoka Kinole, au kabichi na njegere kutoka Nyandira, wajua ya kuwa mzigo wa shambani hauna subira. Pikipiki ikianza kukatika-katika njiani, soko la Morogoro halikungoji. Tena ikizimika ghafula katika kupanda kilima na matenga yako nyuma, yaweza kurudi kinyumenyume pamoja nawe. Kwa hiyo yafaa ujue sababu zake.

Katika injini ya pikipiki hizi pistoni hufanya safari nne: hushuka ikivuta hewa na petroli, hupanda ikizishindilia, husukumwa chini na mwako, kisha hupanda tena ikitoa moshi. Cheche ya plagi yapasa kutoka mwisho wa safari ya pili, kabla kidogo pistoni haijafika juu kabisa, kwa maana petroli huhitaji muda kidogo wa kushika moto. Hayo ndiyo majira ya cheche. Ikiwahi mno, kiki humrudia mtu mguuni, na injini hugonga kama nyundo ndogo penye kilima. Ikichelewa, nguvu hupungua na injini huchemka.

Lakini majira hayaharibiki kila siku. Mafundi wengi husikia injini ikikatika, na mara hiyo hufungua kifuniko cha sumaku. Mimi nasema kifuniko hicho kiwe cha mwisho.

Kwanza sikiliza. Cheche ikikosa, nguvu hukatika ghafula na kurudi ghafula, na pengine bomba la moshi hulipuka. Petroli ikikosa, nguvu hufifia polepole. Ukishuku petroli, hasa ile ya chupa za kando ya njia, fungua skrubu iliyo chini ya kabureta, injini ikiwa baridi, ukinge kwa chupa nyeupe. Maji yakiwamo yatatulia chini.

Kisha toa plagi uitazame. Rangi ya kahawia hafifu ni njema. Masizi makavu meusi ni petroli kuzidi, au chujio la hewa kuziba kwa vumbi. Weusi wa mafuta ya injini ni ringi kuchakaa. Weupe ni joto kupita kiasi, na hapo majira yanayowahi yaweza kushukiwa. Nafasi ya ncha katika pikipiki nyingi ndogo ni milimita 0.6 hadi 0.8, kitabu cha pikipiki yako kitakupa kipimo halisi.

Upande wa mashariki wa Uluguru, Kinole na Matombo, hupata mvua nyingi kuliko upande wa Mgeta, na huko unyevu ndio adui mkubwa. Maji huingia katika kofia ya plagi, na umeme hupita njia ya mkato badala ya kuruka kwenye ncha. Usiku, injini ikiunguruma, tazama waya bila kuugusa: ukiona vicheche vya buluu vikitembea juu yake, umekwisha kuupata ugonjwa. Zima injini, kausha kofia kwa kitambaa, kata ncha ya waya iliyooza kiasi cha upana wa kidole kidogo, ukaze kofia upya. Waya uliopasuka hauna dawa ila kubadilishwa.

Yote hayo yakiwa sawa, ndipo uyatazame majira. Pikipiki za zamani zina platini. Safisha midomo yake na kuipa nafasi ya milimita 0.3 hadi 0.4, kisha zungusha sumaku kwa upande injini iendako hata alama ya F ikutane na alama ya kwenye bodi; hapo platini zianze tu kufunguka. Weka karatasi nyembamba ya sigara kati yake: wakati huo huo yapasa iachiliwe.

Pikipiki za CDI, ambazo ndizo nyingi sasa, kwa kawaida hazina majira ya kurekebisha kwa mkono. Majira yakihama ghafula, mara nyingi kile kipande kidogo cha chuma, mfano wa nusu mwezi, kinachoishika sumaku kimekatika, nayo sumaku imeteleza. Basi fundi akitaka kutia tupa ili aizungushe sahani ya koili, mwambie kwanza aivue sumaku akuonyeshe kipande hicho.