Hurma: Mpaka Usiovukwa

Haramu, ihramu, mahram na Muharram ni maneno ya mzizi mmoja wa Kiarabu. Wengi wetu tukisikia "haramu" tunafikiria nguruwe na pombe tu. Lakini mzizi huo unabeba pia maana ya kitu chenye hadhi isiyovunjwa. Ndiyo maana msikiti wa Makka ukaitwa Masjid al-Haram. Hadhi hiyo ndiyo hurma.

Katika dini

Katika Hija ya Kuaga, mwaka wa 10 Hijria (632), Mtume (s.a.w.) aliwauliza Maswahaba ni siku gani, mwezi gani na mji gani. Kisha akawafundisha kwamba damu, mali na heshima zao zina hurma kama ya siku ile, mwezi ule na mji ule. Basi jina la mwenzako limewekwa safu moja na damu yake.

Katika sheria

Katiba ya Uganda ya 1995, ibara ya 27, inakataza kumpekua mtu, nyumba au mali yake kinyume cha sheria, na inalinda mawasiliano yake. Upekuzi halali upo, ila una utaratibu wake.

Katika maadili

Inasimuliwa kwamba Sayyidna Umar (r.a.) alisikia kelele za ulevi usiku, akapanda ukuta na kumfumania mtu. Yule mtu akamjibu: mimi nimekosa moja, wewe matatu. Umepeleleza (al-Hujurat, 12), hukuingia mlangoni (al-Baqara, 189), wala hukubisha hodi wala kutoa salamu (an-Nur, 27). Umar akamwacha.

Tazama: mwenye nyumba alikuwa na kosa kweli, lakini kosa lake halikuiondoa hurma yake.

Ukuta wetu leo ni simu. Unamshuku mwenzako wa chumba, unafungua simu yake akiwa anaoga, unapiga picha ujumbe wake na kuutuma kwenye kundi "ili anasihike". Hiyo si nasaha. Nasaha ni kumwita pembeni. Na ukijua kwa hakika kwamba anapanga kumdhuru mtu, peleka habari kwa wahusika, si kwa umma.

Maswali ya darsa

1. Je, nia njema inahalalisha njia mbaya?
2. Nani umemvunjia hurma yake, na utamrudishiaje?

Wallahu a'lam.