Usichome Nyaya: Moshi Wake Hudhuru Watoto

Redio ikiharibika au simu ikikataa kuwaka, wengi wetu huitupa pamoja na maganda ya viazi. Hapa Nakuru, taka nyingi za mji huishia Gioto, jaa lililo kwenye mteremko wa Menengai, ambako kuna watu wanaopata riziki kwa kuchambua taka na kuuza vyuma. Leo tutaeleza sumu iliyomo katika vyombo hivyo na jinsi ya kujikinga.

Sumu yenyewe

Kioo kinene cha televisheni za zamani kina madini ya risasi, na vivyo hivyo lehemu ya redio nyingi kuukuu. Baadhi ya betri za kuchaji zina kadimiamu, ambayo hudhuru figo. Taa ndefu za mirija zina zebaki, ambayo hudhuru ubongo. Chombo kikiwa kizima, sumu hiyo hukaa ndani. Hutoka kinapovunjwa au kuchomwa.

Anayetaka shaba huchoma waya ili plastiki iyeyuke. Moshi wake huwa na dioksini, sumu inayoweza kuleta saratani. Vumbi na majivu hushika nguo na viatu, yakafika mpaka nyumbani.

Mtoto huumia zaidi

Shirika la Afya Duniani linasema kwamba mtoto mdogo hufyonza risasi aliyoimeza mara nne hadi tano kuliko mtu mzima, na kwamba hakuna kiwango cha risasi kisicho na madhara. Risasi hupunguza damu na kudumaza akili. Mama mjamzito humpitishia mtoto aliye tumboni. Mara nyingi dalili hazionekani mapema. Baadaye huja maumivu ya tumbo, uchovu, hata kifafa.

Wakenya tumekwisha kuyaona haya. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu ili kupata risasi kiliwadhuru wakazi mpaka kikafungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3.

Kinga

1. Usichome nyaya. Menya plastiki kwa kisu, ukivaa glavu.

2. Usivunje televisheni wala betri. Betri ya simu iliyovimba huweza kulipuka.

3. Ukitoka kazini, oga na kubadilisha nguo kabla ya kumbeba mtoto. Nguo za kazi zifuliwe peke yake.

4. Osha mikono ya watoto kabla ya kula, na usiwaache wachezee mabaki ya vyombo.

5. Usitegemee maziwa kuondoa sumu mwilini. Mweleze daktari kazi unayofanya, ili aamue kama mtoto apimwe risasi kwenye damu.

6. Chombo kibovu kipelekee fundi, au mfanyabiashara anayekusanya vyombo vizima bila kuvichoma.

Fedha ya shaba huisha siku hiyo hiyo, lakini akili ya mtoto iliyodumazwa na risasi hairudi.