SOMO LETU: TOFAUTI YA SHILINGI 18,000 NA SIRI YA TISA



Tuseme kitabu cha mweka hazina kinaonyesha kikundi kina Sh. 264,780. Kitabu cha benki nacho kinasema Sh. 246,780. Zimepungua Sh. 18,000! Mkutanoni watu wanaanza kunong'onezana, na mama mweka hazina ameinamisha kichwa. Je, ameiba? Kabla hatujamnyooshea mtu kidole, hebu tuichunguze hiyo namba.

1. Tujumlishe tarakimu

Andikeni 18,000 ubaoni. 1 + 8 + 0 + 0 + 0 = 9. Namba yoyote, hata iwe kubwa namna gani, jumla ya tarakimu zake ikigawanyika kwa 9, namba yenyewe pia inagawanyika kwa 9 bila kubakisha kitu. 18,000 tukigawa kwa 9 tunapata 2,000 kamili.

Kwa nini? Toa 9 katika 10, inabaki 1. Toa 99 katika 100, inabaki 1. Toa 999 katika 1,000, ni vilevile. Basi elfu kumi moja inatuachia 1, na elfu nane zinatuachia 8. Jumla ni 9, na hiyo pia inagawanyika.

2. Tisa inatuonyesha nini?

Tarakimu mbili zikibadilishana nafasi, tofauti lazima igawanyike kwa 9. Sasa tazameni tena: 264,780 na 246,780. Si ni 6 na 4 zimepishana tu? Ile 6 ikishuka kutoka 60,000 hadi 6,000, tunapoteza 54,000. Ile 4 ikipanda kutoka 4,000 hadi 40,000, tunapata 36,000. Toeni: 18,000 kamili! Huenda mama yetu alikosea tu alipohamisha jumla kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine.

3. Tahadhari

Tisa si hakimu. Mtu akichukua Sh. 9,000, tofauti itagawanyika kwa 9 vilevile. Kwa hivyo rudini kwenye risiti na karatasi za benki, mkague mstari kwa mstari mbele ya wanachama watatu. Na tofauti isipogawanyika kwa 9, basi kupishana kwa tarakimu peke yake hakuwezi kuwa sababu. Tafuteni kwingine: labda risiti iliyosahaulika, au malipo yaliyoandikwa mara mbili.

Tukifanya hivi, asiye na hatia hatatukanwa, na mwenye hatia hatapata pa kujificha.

Zoezi la kikundi

(a) Kitabu kinasema 81,530, benki inasema 81,350. Je, tarakimu zimepishana?
(b) Kitabu kinasema 81,350, benki inasema 81,050. Hapa je?
(c) Bila kugawa, semeni kama Sh. 246,780 zinaweza kugawiwa watu 9 sawasawa.

Jadilianeni, kisha kila mmoja ajaribu kwa kalamu yake mwenyewe.