Maswali na Majibu: Kusoma Herufi za Virusi vya Polio vya Haut-Lomami

Kwa mwanafunzi wa Kamina anayejiandaa kwa mtihani wa bayoinfomatiki. Mfano wetu ni wa nyumbani, jimbo la Haut-Lomami.

Swali la 1. Mwaka 2017 polio ya aina ya 2 ilipoozesha watoto Haut-Lomami. Ilijulikanaje kwamba virusi vilitokana na chanjo?

Jibu. Kwa kuhesabu herufi. Jenomu ya polio ina herufi za RNA zipatazo 7,500, lakini maabara hutazama kwanza kipande cha VP1, herufi 903, na kukilinganisha na Sabin 2, virusi dhaifu vya kwenye matone ya chanjo. Tofauti zikifika 6, hivyo ni virusi vilivyotokana na chanjo. Kwa aina ya 1 na ya 3, kikomo ni 10. Wengi hukosea hapa. Virusi asilia vya aina ya 2 vilikuwa vimethibitishwa kutokomezwa mwaka 2015.

Swali la 2. Chanjo hugeukaje?

Jibu. Pale watoto wengi walipokosa matone, virusi dhaifu hupita kwa mtoto huyu hadi yule kupitia kinyesi, vikibadilika kila vinapozaliana, hadi viweze kupoozesha. Usiandike kwamba chanjo ni mbaya. Mtoto aliyechanjwa vizuri hukingwa hata dhidi ya virusi hivi.

Swali la 3. Tuseme sampuli ya Februari 2017 ina tofauti 15. Virusi vilianza kuzunguka lini?

Jibu. VP1 hubadilika kwa takriban asilimia 1 kwa mwaka, yaani herufi 9. Gawanya 15 kwa 9: mwaka mmoja na miezi 8. Rudi nyuma, unafika katikati ya mwaka 2015. Sasa kumbuka: matone yenye aina ya 2 yaliondolewa kwenye chanjo ya kawaida duniani kote Aprili 2016. Kwa hesabu hii, virusi vilikuwa vikitembea kijiji hadi kijiji kabla ya kuondolewa huko, bila yeyote kuviona. Hili ndilo jibu lenye alama nyingi, nami nalipenda kuliko yote: herufi 15 zinatuonyesha miezi ambayo watoto wetu hawakufikiwa. Ongeza tahadhari: mabadiliko machache ya mwanzo huja haraka, kwa hiyo taja kipindi, usitaje siku.

Swali la 4. Nini kifanyike kabla ya kuhesabu?

Jibu. Kagua ubora wa usomaji wa herufi. Alama ya Q20 ina maana kosa moja katika herufi 100. Q30, moja katika 1,000. Kwa kipande cha herufi 903, Q20 peke yake inaweza kuleta tofauti 9 za uongo, na mlipuko usiokuwapo. Ndiyo maana kila herufi husomwa mara nyingi. Kisha panga mifuatano sambamba, kwa programu ya MAFFT kwa mfano; herufi moja ikiruka, nyingi zinazofuata zinaonekana tofauti.

Swali la 5. Sampuli A ina tofauti 15, B ina 16, na zinazofanana ni 2 tu. Je, ni mnyororo mmoja?

Jibu. Huenda sivyo. Hizo 2 zaweza kuwa zile za haraka, ambazo hujirudia popote. Chora mti wa ukoo: A na B zikiachana karibu na shina la Sabin, ni milipuko miwili, na kila mmoja una kijiji chake cha kutafutwa.