Hesabu ya Ghala: Njaa katika Mchezo wa RimWorld

RimWorld ni mchezo wa kompyuta ambao toleo lake kamili lilitolewa na Ludeon Studios mwaka 2018. Katika mwanzo wake wa kawaida, watu watatu walionusurika ajali ya chombo cha angani huanzisha makazi katika sayari ya mbali. Mchezaji mgeni huwaogopa maharamia, akalisahau ghala.

Kosa lake la kwanza ni kuhesabu marundo badala ya siku. Mtu mzima hutumia lishe 1.6 kwa siku, na kila kipimo cha mchele au mahindi mabichi kina lishe 0.05. Watu 6 wanaokabili majira ya baridi ya siku 30 yasiyo na mavuno wanahitaji 6 × 1.6 × 30, yaani lishe 288, sawa na vipimo 5,760. Rundo la vipimo 2,000 huonekana kubwa mno. Kumbe ni chakula cha siku 10 tu.

Jiko hubadili hesabu hiyo. Vipimo 10, vyenye lishe 0.5, hutoa mlo wa kawaida wenye lishe 0.9. Hivyo milo 320, yaani vipimo 3,200, hutosha. Mwanafunzi wa fizikia atapinga, na ana haki: nishati haizaliwi chunguni. Hata hivyo, upishi halisi nao huurahisishia mwili kumeng'enya wanga, ingawa si kwa kiwango hiki.

Mlo uliopikwa huoza baada ya siku chache usipogandishwa, na mlipuko wa jua huzima mitambo yote ya umeme. Kwa hiyo ni afadhali nafaka ikae mbichi, ipikwe kidogo kidogo.

Hatari kubwa zaidi ni mzunguko. Mwenye njaa hudhoofika na kufanya kazi polepole. Mavuno huchelewa, na njaa huzidi. Iwapo zao huiva kwa siku 6 na ghala lina chakula cha siku 5, kupanda leo kumekwisha kuchelewa. Hubaki kuwinda au kununua.

Zoezi: Watu 6 wana milo 90 iliyogandishwa na vipimo 1,000 vya mchele. Mavuno yatakuja baada ya siku 20. Ikiwa mchele wote utapikwa, je, chakula kitafika? Kama hakifiki, kimepungua milo mingapi?