Wimbi, Marudio na Masafa: Istilahi za Fizikia kwa Mwanafunzi wa Kitui na Makueni

Utangulizi

Msemaji wa Lamu au Mombasa huliona wimbi kabla ya kulitamka. Mwanafunzi wa Mwingi au Wote, aliyezaliwa mbali na bahari, huenda akalipata neno kwanza, naye hufundishwa Fizikia kwa Kiingereza. Makala haya yanaeleza sifa na aina za mawimbi kwa mifano ya Ukambani, kisha yanachunguza istilahi moja, masafa, inayoweza kumpotosha.

Sifa za Wimbi

Kamba ya mkonge ikifungwa mtini na ncha ya pili kutikiswa, vilele na mabonde husafiri hadi mtini, ilhali kila sehemu ya kamba hupanda na kushuka papo hapo. Hivyo wimbi husafirisha nishati bila kuihamisha maada. Kimo ni umbali kutoka mahali pa utulivu hadi kileleni. Urefu wa wimbi ni umbali kati ya vilele viwili vinavyofuatana. Marudio ni idadi ya mawimbi yanayopita mahali pamoja kwa sekunde moja. Kipimo chake, hezi, kimetokana na Heinrich Hertz, Mjerumani aliyethibitisha kuwepo kwa mawimbi ya redio kufikia mwaka wa 1888. Marudio yakizidishwa kwa urefu wa wimbi, hupatikana mwendokasi.

Aina za Mawimbi

Katika wimbi la kamba, mtikisiko hukingama mwelekeo wa safari. Katika sauti ya ngoma, hewa husongamana na kutawanyika kwa kuufuata mwelekeo huo. Aidha, sauti huhitaji kitu cha kupitia, na hewani huenda takriban mita 340 kwa sekunde. Mawimbi ya sumakuumeme, yakiwemo mwanga na redio, hupita hata palipo patupu, kwa kilomita 300,000 hivi kwa sekunde. Ndiyo maana radi huonekana kabla ya ngurumo kusikika. Kila sekunde tatu za kungoja ni takriban kilomita moja.

Utata wa Masafa

Asili ya masafa ni umbali. Katika "masafa mafupi" na "masafa ya kati", neno hili hurejelea urefu wa wimbi. Mtangazaji anapotaja "masafa ya 100 FM", hurejelea marudio. Kwa kuwa mwendokasi ni ule ule, urefu ukipungua marudio huongezeka. Neno moja basi limebeba dhana mbili zinazokwenda kinyume.

Wimbi la megahezi 100 lina urefu wa mita 3. La kilohezi 1,000, katika masafa ya kati, lina mita 300. Hili la pili hupinda kwa wepesi zaidi kuvizunguka vilima. Hivyo nyuma ya milima ya Mbooni au Kilungu, matangazo ya FM huweza kufifia pasipo mtambo wa kuyarusha upya. Mwanafunzi anayedhani masafa mafupi ni marudio machache atakosea hesabu, na sababu ya redio kufifia pia itampita.

Hitimisho

TUKI ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka wa 1990. Kiswahili basi si kigeni katika sayansi. Kinachohitajika ni uthabiti: darasani, marudio na urefu wa wimbi vitumike kwa dhana zake, na masafa yabaki kuwa umbali. Istilahi inayotaja mambo mawili yanayopingana humchosha mwanafunzi kuliko fizikia yenyewe.